Magamba ya Kilomita ya Sabini na Moja

Milembe Luhende alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wenzake kazini walishakata tamaa ya kuutibu: alikuwa anauliza. Fomu ya kazi yake, ya kukagua magari yaliyokamatwa yakienda kinyume barabarani, ilikuwa na visanduku vitatu tu vya sababu, yaani amelewa, amesinzia, amechanganya upande. Mkaguzi mwenye akili zake alitia alama kimojawapo, akapiga picha, akarudi kituoni kunywa chai. Milembe aliijaza fomu hiyohiyo kwa saa nzima. Alitaka kujua mlevi alikunywa nini na nani, aliyesinzia alilala wapi jana yake, na aliyechanganya upande alianzia wapi hasa kuchanganya. Kuuliza si ujinga, aliwaambia wenzake. Wakamjibu kwamba kweli si ujinga, ila chai inapoa.

Asubuhi hiyo ya Machi, baada ya siku tatu za mvua, taa ya mezani kwake iliwaka saa mbili na nusu. Kilomita ya sabini na moja: lori limekamatwa likienda kinyume, dereva ni mzima, hakuna mgongano. Milembe akaacha kikombe kama kilivyo, akapanda kigari chake cha kazi, akaingia Barabara Pana ya Rusumo–Isaka kwenye lango la Benako.

Chini ya tairi zake lami ilikuwa laini, haina mtikisiko wala kelele. Mgeni angedhani ni lami kama lami nyingine. Lakini mtu yeyote aliyewahi kumpaa samaki anajua kwamba ukimpitisha mkono sato kutoka kichwani kwenda mkiani unateleza tu, na ukirudisha mkono kutoka mkiani kwenda kichwani unachanika. Barabara hii ilikuwa na magamba ya namna hiyo, madogo kama punje za mtama, maelfu kwa maelfu katika kila hatua ya mtu. Kila gamba lilifungwa uzi mwembamba uliosikia uzito wa kinachopita na uelekeo wake. Ukienda kunakotakiwa, yanalala. Ukienda kinyume, yanasimama na kuuma tairi zako, zako peke yako, na ndani ya hatua mia tatu umetulia tuli, huku wenzako wakielekezwa kupita pembeni kana kwamba hakuna kilichotokea.

Haja ya magamba ilitokana na daraja la Rusumo. Ng'ambo ya daraja watu huendesha kulia, huku kwetu kushoto, na mikono ya dereva ina kumbukumbu yake isiyoomba ruhusa kichwani. Zamani dereva alivuka mpaka salama salimini, akaenda kilomita mia akiwa makini, akaegesha apumzike kidogo, na alipoamka mikono ikampeleka upande iliouzoea. Tangu magamba yatandikwe miaka sita iliyopita, hakuna mtu hata mmoja aliyekufa kwa kugongana uso kwa uso kwenye barabara ile.

Baba yake Milembe hakuyawahi. Mzee Luhende aliuawa akiwa kwenye usukani wa basi, mchana kweupe, jua linawaka, na gari dogo lililokuja upande wake. Milembe alikuwa na miaka kumi na tisa. Dereva wa gari lile naye alikufa palepale, kwa hiyo hakuna aliyepata kumwuliza kwa nini. Ripoti ya polisi iliandika neno moja, uzembe, na neno hilo halikumtosha Milembe wakati ule wala baadaye. Ndiyo maana aliyapenda magamba. Yalimkamata mtu akiwa hai, akaweza kuulizwa.

*

Lori lilikuwa limejaa viazi mviringo kutoka ng'ambo, na pua yake ilielekea Rusumo wakati magari yote yalielekea Isaka. Dereva wake, mzee mwembamba mwenye mvi, alikuwa pembeni kifua wazi, shati mkononi, akiyapungia magari yaliyopita. Magari yalimpigia honi na kuendelea. Mtu mmoja alishusha kioo akamtukana vizuri sana. Suruali ya mzee ilikuwa na matope hadi magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa, mwanangu."

Jina lake lilikuwa Evarist Bitariho, mtu wa Ngara. Milembe akampima pumzi, hakuwa amekunywa hata togwa. Kumbukumbu za lori zikaonyesha amelala muda wa saa nane nzima usiku uliopita. Na alikuwa amevuka Rusumo kwenda na kurudi kwa miaka thelathini na mmoja.

"Ulichanganya upande, mzee?"

"Siku nitakayochanganya upande, mnizike."

"Basi kwa nini uligeuza?"

Bitariho akashusha pumzi, kama aliyekuwa akilingoja swali hilo tangu asubuhi. "Nilisimama nikachimbe dawa."

Milembe akauma mdomo asicheke. "Mzee, kusimama hapa ni kosa."

"Kosa ni langu, kibofu ni cha Mungu. Sikiliza kwanza. Nikasema siwezi kujisaidia hapa juu, kina mama wanapita. Nikashuka chini ya tuta, kule kwenye kalavati linalopitisha kijito chini ya barabara, kwenye majani marefu. Nikainua macho. Mwanangu, hebu nyosha mkono."

Milembe akanyosha, hakujua kwa nini, ila alitaka kujua.

"Huu mkono ndio lami. Hapa chini yake palikuwa na udongo." Akapitisha kiganja chake chini ya mkono wa Milembe, hewani. "Sasa hakuna. Maji yamekula kalavati, yamekula tuta, yamebakiza ngozi. Watu wanapita juu ya ngozi."

"Haiwezekani. Barabara ingesikia."

"Ndivyo alivyoniambia yule dada wa kwenye simu. Nimepiga mara tatu. Ananiambia, barabara inasikia iko salama, asante kwa kujali. Nikakata matawi nikayalaza njiani, kama tulivyofanya enzi zetu gari likiharibika. Mashine yenu ya kufagia ikaja ikayazoa yote. Nikaona hakuna njia, nitageuza gari niwafuate wenyewe nikiwasha taa. Hatua mia tatu, nikaumwa."

Gari la mizigo likapita kasi. Milembe akalisindikiza kwa macho mpaka lilipofika juu ya kijito na kuvuka. Hakuna kilichotikisika. Angeweza kutia alama kwenye kisanduku cha tatu, amechanganya, akarudi kwenye chai yake. Wakaguzi wengi wangefanya hivyo, na siwalaumu, maana mtu akienda kinyume siku zote ana hadithi.

"Nipeleke nikaone," akasema.

*

Walishuka tuta wakishikilia majani. Chini kulikuwa na ngurumo ya maji, na maji yenyewe yalikuwa mekundu, yanasukuma mawe. Milembe akainua macho kama mzee alivyosema.

Kalavati halikuwepo. Palikuwa na pango kubwa la kutosha kuegesha lori la viazi na kigari chake na nafasi ikabaki. Juu ya pango lami ilikuwa imetanda, imenyooka vizuri kama shuka la hospitali. Gari moja likapita, na bonge la udongo kubwa kama gunia likamomonyoka ukingoni likaanguka majini.

Aliogopa, hilo ni kweli, lakini kabla ya woga kumshika sawasawa udadisi ulimtangulia. Kwa nini barabara haikujua? Akasimama na miguu ndani ya matope akifikiri kwa sauti.

"Magamba yamefungwa uzi kwa uzi," akamwambia Bitariho. "Kila gamba linamsikia jirani yake na aliye juu yake. Kitambaa kimevutwa kikashikilia pande zote mbili, kwa hiyo hakijalegea. Bado kinasikia kimenyooka. Hakuna aliyekiambia kisikilize chini."

"Nyani haoni kundule," akasema Bitariho.

"Na watu?"

"Watu wangeona wapi? Mmekataza kusimama. Miaka sita hakuna aliyeshuka hapa."

Milembe akagusa kidude cha sikioni akamwita bosi wake, Mhandisi Mshana, aliyekuwa zamu katika chumba cha uongozi kule Nyakanazi. Akamweleza haraka. Mshana akasikiliza hadi mwisho, maana hakuwa mtu mbaya.

"Funga barabara, bosi."

"Kwa kipimo gani?"

"Kwa macho yangu."

"Macho hayaingii kwenye mfumo, Milembe. Barabara inafungwa kwa vipimo viwili vya mashine. Unaijua hiyo kanuni, na unajua niliiweka kwa nini."

Alijua. Mwaka wa kwanza barabara ilifungwa kwa maneno matupu, na vijiji vya kando ya barabara vilipogundua hilo, kila juma mtu alipiga simu kwamba kuna ajali, foleni ikajikusanya, na mahindi ya kuchoma yakauzwa madirishani mpaka jioni. Mama mmoja mjamzito alijifungulia kwenye foleni ya uongo, na mtoto hakuishi. Tangu hapo Mshana alisema hatamwamini tena mtu yeyote aliye kando ya barabara, akiwemo yeye mwenyewe.

"Natuma ndege ndogo isiyo na rubani ipige picha chini ya tuta," akasema. "Kwa upepo huu, dakika arobaini."

"Na kinachokuja sasa hivi ni nini?"

"Malori kumi na mawili ya madini. Tani themanini kila moja. Yako kilomita ya arobaini na tano. Nyuma yake mabasi mawili ya kwaya ya Benako, wanakwenda kwenye tamasha Kahama."

Milembe akapiga hesabu kichwani. Dakika ishirini, pengine chini ya hapo.

*

Wakapanda tuta mbio. Milembe akavaa koti lake linalong'aa, akasimama katikati ya njia akinyosha mikono. Gari la kwanza lilipokuwa bado mbali, magamba yaliyolizunguka yakalisogeza taratibu njia ya pili, likampita. La pili vilevile, na la tatu. Barabara ilikuwa imemwona, ikamhesabu kuwa kizuizi kidogo, ikamlinda kwa adabu zote. Na kwa madereva, mkaguzi mwenye koti linalong'aa kando ya lori lililogeuka lilikuwa jambo la kila juma. Waliona kosa lililokwisha kudhibitiwa. Mmoja alimwinulia kidole gumba.

"Wanakushukuru," akasema Bitariho.

Milembe akasimama akilitazama lori la viazi. Lilikuwa limeelekea huko huko yalikotoka magari. Wazo lilikuwa limeshaingia na alijua halitatoka.

Waliojenga barabara walijiuliza: je, magamba yakifa mahali fulani? Wakaitia barabara hofu. Gari likienda kinyume hatua mia nne bila kuumwa, barabara huamini kwamba imepofuka hapo, na husimamisha kila chombo kilicho mbele ya gari hilo kwa kilomita sita. Waliiita Kusimama Kote. Ilijaribiwa mara mia mbili uwanjani bila watu ndani, na haijatumika hata siku moja. Milembe mwenyewe ndiye aliyeandika matokeo. Magari mia moja tisini na saba yalisimama wima. Matatu yalibinuka.

Na mfukoni alikuwa na kadi ya kulaza, ile wanayopewa wakaguzi ili gari la kuvuta liweze kuondoa chombo kilichokwama. Unaiweka juu ya usukani, kiganja juu ya kadi, na kwa saa moja magamba hayaliumi gari hilo, huku jina lako likiandikwa kwenye mfumo. Gari lililokamatwa linaruhusiwa kuvutwa tu kuelekea kunakotakiwa. Kuliendesha kinyume, hata hatua kumi, ni miaka kumi jela, kwa aliyefungua na kwa aliyeshika usukani. Sheria hiyo haikuwa na kifungu cha sababu. Wafiwa ndio walioiomba iwe hivyo, na Milembe alikuwa mmoja wao. Alitia sahihi.

"Mzee," akasema, "hiyo ngozi inaweza kushika?"

Bitariho hakukimbilia kujibu. "Inaweza. Nimewahi kuona daraja la miti limeoza likashika mwaka mzima. Jingine nikaliona likianguka kwa baiskeli."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, mwanangu. Nikikwambia najua nitakuwa mwongo."

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Angejua kwamba malori yataanguka, asingesita. Angejua kwamba lami itashika dakika arobaini, angekaa akangoja ndege. Lakini hakujua, na kitu pekee alichokuwa na hakika nacho ni kwamba akiliachia lori hili, gari la kwanza litakalokutana naye litakuwa na mtu asiye na kosa, anayekwenda zake upande wake, kama baba yake alivyokuwa akienda zake. Mara tatu katika mia mbili. Alijaribu kuifanya namba hiyo iwe ndogo, ikakataa. Akaitoa kadi mfukoni, akaiwasha.

"Milembe," sauti ya Mshana ikaita sikioni. "Kadi yako imewashwa. Unafanya nini?"

"Bosi, ungekuwa hapa ungefanya nini?"

"Siko hapo."

"Ndiyo maana nakuuliza."

"Nisingegusa usukani," akasema Mshana. "Ningengoja, nikaomba Mungu. Na wangeanguka, ningeweza kulala, kwa sababu nisingekuwa mimi niliyewaangusha. Nakwambia ukweli tu. Usiniulize kama ni jibu zuri."

Bitariho alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya lori. Milembe akamshika mkono.

"Hapana, mzee. Usukani nashika mimi."

"Gari ni langu, umri umekwenda, na watoto wangu wanajitegemea. Wewe bado..."

"Kadi ni yangu. Panda upande ule, piga honi, usiiachie."

*

Magamba yalipolala yalitoa mlio wa mchele unaopepetwa kwenye ungo. Milembe alikuwa na leseni ya malori kwa ajili ya kazi ya kuvuta, lakini hakuwahi kuendesha lori lenye viazi tani ishirini, wala hakuwahi kuona barabara hii kutoka upande huu. Ilikuwa barabara nyingine kabisa. Vibao vyote vilimpa mgongo. Akawasha kila taa iliyokuwepo, akakaa njia ya pembeni kabisa, akaenda polepole kiasi cha mtu anayekimbia.

Hatua mia. Gari moja likamkwepa, likapita na honi ndefu. Hatua mia mbili. Magari mawili yakapita, na katika la pili aliona uso wa mtoto kwenye kioo. Alitaka kusimama, mguu ulimwomba kabisa. Hatua mia tatu. Bitariho alikuwa akivuta kamba ya honi kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, akisali kwa Kihangaza.

Hatua mia nne. Lami yote mbele yake ikabadilika rangi, kama nyasi upepo unapozigeuza, na badiliko hilo likakimbia kupanda mwinuko hadi juu.

Wakati huohuo gari dogo la buluu likatokea juu ya mwinuko. Lilikuwa katika mwendo wa kasi. Magamba yakaliuma tairi zote nne, likayumba, likageuka ubavu, likaja likiserereka moja kwa moja upande wao. Milembe alikanyaga breki hadi mwisho na kufumba macho. Akasikia chuma kikigonga uzio wa pembeni. Alipofumbua, gari la buluu lilikuwa limesimama hatua ishirini mbele yake, limeegemea uzio, ubavu mmoja umebonyea. Halikubinuka.

Nyuma ya mwinuko ikasikika milio ya vyombo vikisimama kimoja baada ya kingine, mbali, na mbali zaidi. Halafu kimya. Barabara Pana haikuwahi kuwa kimya tangu ifunguliwe. Ndege wa porini walisikika.

Milembe akashuka akikimbia. Ndani ya gari la buluu alikuwamo mwanamke wa makamo, peke yake, mkono wake wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Aliitwa Odeta Nzeyimana, mwalimu, alikuwa anakwenda kusimamia mitihani Runzewe. Alikuwa na fahamu zake zote, na hasira zake zote.

"Ni wewe uliyekuja upande wangu?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Miaka kumi na saba Milembe alilibeba swali hilo akitafuta mtu wa kumwuliza. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja yeye ndiye angeulizwa. Akapiga magoti kwenye lami, akamfunga mkono kwa kilemba chake na fimbo ya bendera ya hatari, na huku akifunga akaeleza kila kitu, kibofu cha mzee, pango, bosi, kwaya, magari matatu katika mia mbili. Hakuruka kitu. Odeta alimsikiliza akisaga meno.

"Na hujui kama ingeanguka," akasema.

"Sijui."

"Mkono huu ndio naandikia ubaoni."

"Pole, mwalimu. Nimekuvunja mimi."

Odeta hakumsamehe. Alimwambia tu aulegeze ule mfundo, unambana.

*

Ndani ya nusu saa kando ya tuta palikuwa na watu kama mnadani. Madereva wa malori ya madini walikuja wakiwa wamekunja mikono ya mashati, tayari kumpiga mtu. Wanakwaya walikuja na sare zao za kijani. Milembe hakubishana na yeyote. Aliwaambia washuke wakaone, na Bitariho akawaongoza kwenye majani, wawili wawili, kwa sababu palikuwa panateleza. Walishuka wakifoka na kupanda wakiwa kimya. Kiongozi wa msafara wa madini, jitu la miraba minne, alikaa chini kabisa akiangalia juu kwa muda mrefu, kisha akapanda, akafuta mikono kwenye suruali.

"Mimi hapo sipiti," akasema. "Hata kwa miguu."

Lami ilikuwa ingali imetanda. Haikuanguka. Mtu mmoja akasema ingeshika, mwenzake akasema isingeshika, na wakaendelea kubishana kama watu wa kijiweni. Mshana aliita kusema ndege imefika na picha ameziona. Sauti yake ilikuwa imepwaya. Akasema mfumo bado unasoma salama.

Kisha akafika askari wa usalama barabarani, Koplo Machibya, akiwa amepenya na pikipiki katikati ya foleni kutoka Benako. Alikuwa kijana nadhifu, daftari mkononi.

"Nani alikuwa anaendesha hili lori?"

"Mimi," akasema Bitariho kabla Milembe hajafungua mdomo. "Gari ni langu, muulize yeyote. Huyu binti alinikuta nimeshaligeuza."

Hata uongo huo ulikuwa nusu ya kweli. Milembe akamtazama yule mzee, suruali ina matope, shati bado mkononi, akaona jinsi ingekuwa rahisi. Kadi ingeeleza baadaye, lakini baadaye ni mbali, na watu hubadilisha mengi kabla baadaye haijafika. Akageuka akamwona Odeta amekaa kwenye kiti alicholetewa na wanakwaya, akimwangalia.

"Nilikuwa naendesha mimi, Koplo. Milembe Luhende, mkaguzi. Na niliyefungua magamba ni mimi. Mwandike mzee kama abiria."

Koplo akaandika. Mkono wake haukuwa na haraka. "Unajua ni miaka mingapi."

"Najua. Niliiunga mkono hiyo sheria."

"Basi itabidi twende kituoni."

"Tutapitia wapi?" akauliza kiongozi wa msafara.

Mbele palikuwa na ngozi juu ya pango. Kushoto na kulia kulikuwa na uzio na tuta, na barabara ya kurudi Rusumo ilipita ng'ambo ya kilima. Nyuma, foleni ilikuwa imefika kilomita ya sitini na tatu, magari mia mbili na kumi na mawili, na chini ya kila moja magamba yaliyotazama Isaka. Milembe akamwuliza Mshana kama anaweza kuyalaza yote kutoka kule. Mshana akasema amejaribu. Mfumo haukuwa na amri ya namna hiyo, kwa sababu katika kuujenga hakuna aliyewahi kufikiri kwamba siku moja watu wote watahitaji kwenda kinyume kwa pamoja. Palikuwa na njia moja tu, kadi, gari moja moja, kiganja cha mkaguzi juu ya kila usukani.

"Kila gari likifunguliwa ni kosa jipya," Koplo akasema taratibu, kama anayejisomea. "Kwa aliyefungua na kwa dereva."

"Madereva waandike wamefuata amri ya mkaguzi. Mengine yaandike kwangu."

"Mia mbili na kumi na mawili?"

"Kama ndiyo hesabu."

Koplo akalitazama daftari, akageuza kurasa zilizobaki kwa kidole gumba, kisha akalifunga bila kuandika kitu. Hakusema amesamehe, wala hakuwa na mamlaka hayo. Akaenda kuichukua pikipiki yake aliyokuwa ameiegesha ikielekea Isaka, akaisukuma kwa jasho mpaka alipokuwa amesimama Milembe.

"Anza na basi la kwaya, limpeleke mwalimu hospitali," akasema. "Halafu hii. Mimi nitatangulia, niwaambie walio nyuma wasiogope wakiona magari yanawajia."

Milembe akapanda ngazi ya basi. Dereva akampisha. Odeta alikuwa ameshalazwa kiti cha mbele, macho wazi, mkono kifuani, akamwangalia alipoweka kadi juu ya usukani na kiganja juu ya kadi. Chini yao mchele ukamwagika kwenye ungo, na jina la Milembe Luhende likaandikwa kwenye mfumo kwa mara ya pili.